Piga Foto Yenye Jamaa Itatunza

KAZI NA UJUZI



Mwezi huu tunaongea juu ya foto. Siku hizi karibu kila nyumba iko na telefone yenye kupiga picha. Kijana mumoja anaweza kupiga picha mia mbili ku ndoa moja. Lakini siku ya matanga ikifika, jamaa inatafuta picha moja tu ya muzee ya kuweka mbele ya watu, na inaikosa. Basi wanachukua foto ya ndoa ya zamani, wanakata kichwa chake katikati ya watu kumi, wanakikuza mpaka macho yanakuwa kama matope. Mutu aliishi miaka makumi sita, alizaa, alijenga, na sura yake haikubaki.

Kwa jamaa za machimbo jambo hili ni zito zaidi. Baba anatoka Uvira, anaenda Misisi ao Kamituga, anakaa kule miezi mingi. Tarehe 11/9/2020, shimo la dhahabu lilibomoka kule Kamituga kisha mvua kubwa, na watu karibu 50 walihofiwa kuwa wamekufa. Mwaka ule ule, mwezi wa 4, muto Mulongwe ulifurika hapa Uvira. Maji yalibeba watu, yalibeba nyumba, na albamu za foto zilienda pamoja na vyombo vingine. Ndiyo maana tunasema: kujua kupiga foto muzuri, na kujua kuitunza, ni musaada kwa jamaa. Si mambo ya kujionyesha tu.

Haiombi aparei ya bei kubwa. Inaomba macho, subira na utaratibu. Tuanze.

1. Mwanga wa Uvira, uujue

Foto ni mwanga. Mutu mwenye hajui mwanga wa kwao atapiga vibaya hata akiwa na aparei ya ajabu.

Angalia muji wetu ulivyokaa. Ziwa liko upande wa mashariki, milima iko mugongoni, upande wa mangaribi. Asubuhi jua linatoka ng'ambo, juu ya milima ya Burundi, linapita juu ya maji na kuja kutupiga usoni. Kwa hiyo, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili na nusu hivi, simamisha watu wako waangalie ziwa, wewe simama mugongo ukiwa upande wa maji. Sura zao zitapata mwanga laini wenye rangi ya asali, na nyuma yao utakuwa na mulima. Wakati wa mvua mulima ule ni wa kijani na weusi kidogo, na mutu anatokea muzuri mbele yake.

Mangaribi mambo yanageuka. Jua linajificha nyuma ya mulima mapema, kabla halijazama kweli. Muji wote unaingia kivulini, lakini mbingu juu ya ziwa bado nyeupe. Wengi wanafikiri foto zimeisha. Kumbe ndio wakati muzuri kabisa wa kupiga sura za watu! Mwanga unatoka mbinguni kote, hakuna kivuli kikali, hakuna mwenye kukunja macho. Tena ukigeuka, utaona milima ya Burundi bado inapigwa na jua, imekuwa myekundu. Hapa kwetu, karibu na mustari wa ikweta, giza linaingia haraka. Usingoje, wakati huu haudumu.

Saa sita ya muchana jua liko juu ya kichwa. Linatia kivuli ndani ya macho, chini ya pua, chini ya kidevu. Ukilazimishwa kupiga saa ile, peleka watu chini ya muembe ao ku baraza, karibu na ukingo wa kivuli, waangalie inje. Muchanga mweupe, ukuta wa chokaa, ao shuka nyeupe yenye mutu anashika pembeni, vyote vitarudisha mwanga usoni mwao. Flashi ya bure, sivyo?

Usisahau majira. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8, vumbi na moshi wa majani yenye kuchomwa vinafunika ng'ambo, na foto za mbali zinatoka kama zimepakwa maziwa. Wakati ule piga vitu vya karibu. Foto za mbali, zingojee kisha mvua: ikikatika tu, hewa inakuwa safi na Burundi inaonekana kama iko karibu.

2. Sura nyeusi, nguo nyeupe

Kijana mwenye kupiga foto ku ndoa analalamika: «Ziwa lilitoka muzuri, lakini bibi-arusi amekuwa kivuli.» Sababu yake ni hii. Aparei haijui nini ni mutu na nini ni maji. Inapima mwanga wote mbele yake, inatafuta kuufanya uwe wa katikati, si mweupe sana, si mweusi sana. Maji yaking'aa nyuma, inaona mwanga ni mwingi, inapunguza, na sura inazama ndani ya giza. Ndani ya kanisa lenye giza inafanya kinyume: inaongeza mwanga, na nguo nyeupe ya bibi-arusi inaungua, inabaki doa jeupe bila mikunjo.

Dawa yake: uiambie aparei wewe mwenyewe. Ku telefone nyingi, gusa sura ya mutu ku kioo, kisha peleka kidole juu ao chini ku alama ya jua yenye kutokea pale. Ku aparei kubwa tafuta kifungo chenye alama ya + na −. Pima usoni, lakini angalia nguo: mikunjo yake ionekane bado. Kumbuka, ku foto za sasa, kitu chenye kuungua cheupe hakirudi tena, lakini chenye giza kidogo unaweza kukiinua baadaye.

Tuseme na historia kidogo, maana watu wengi wanazani ngozi yetu ni ngumu kupiga. Zamani, Kodak ilikuwa inatuma ku maabara kadi yenye picha ya mwanamuke mweupe, watu wa kazi ile waliiita Shirley. Walipima rangi zote kufuatana na ngozi yake. Ikitoka sawa kwake, walisema mashine iko sawa. Ndiyo sababu miaka mingi watu weusi walitoka ku foto meno na macho tu. Kosa lilikuwa ku kipimo. Leo kipimo kiko mikononi mwako, basi ukitumie.

Na tuseme wazi juu ya zile programu zenye kugeuza sura kuwa nyeupe na laini kama sabuni. Mutoto wako kisha miaka makumi mbili atataka kuona sura ya mama yake. Usimupe sura ya mutu mwingine.

3. Mikono, miguu na kasi

Mambo haya madogo yanaokoa foto nyingi:

– Pangusa jicho la telefone kwa kitambaa laini na kikavu. Mafuta ya mawese, jasho na vumbi la machimbo ndivyo vinaleta ule ukungu wenye watu wanalaumu telefone. Kule machimboni iweke ndani ya mufuko wa plastiki wakati hauitumii.

– Usikuze kwa vidole viwili. Kule ni kukata foto, si kusogea. Tembea kwa miguu yako mpaka karibu.

– Angalia nyuma ya mutu kabla ya kupiga. Muti usitoke kichwani, kamba ya nguo isipite shingoni. Hatua moja kuume ao kushoto inatosha.

– Nyoosha mustari wa ziwa. Maji ya Tanganyika hayajamwagika hata siku moja upande wa Bujumbura, lakini ku foto zetu yanamwagika kila siku.

– Wakati wa kupiga mutoto, piga magoti. Macho yako yawe sawa na macho yake.

Kwa wale wenye aparei kubwa, jueni vitu vitatu: tundu lenye kuingiza mwanga, kasi ya kufunga, na ISO, ndio ukali wa kusikia mwanga. Watoto wakiruka ndani ya maji, kasi iwe 1/500 ao zaidi. Mikono ya mama yenye kutawanya ndagala, 1/250. Chini ya 1/60 mikono yako mwenyewe itatetemesha foto, basi egemea ukuta. Bateri ya kipimo ikikufia, wazee wa kazi walikuwa na kanuni: jua likiwaka kabisa, weka tundu 16 na kasi sawa na ISO. ISO 100, kasi 1/100. Ukitaka kasi zaidi, fungua tundu mpaka 8 na upige 1/400. Mwanga ni ule ule.

4. Taa za usiku ziwani

Kila mutu wa pembeni ya ziwa anapenda foto ya mitumbwi ya ndagala na taa zao, kama muji mwingine juu ya maji. Lakini wengi wanapiga saa mbili usiku, wanapata vidoa tu ndani ya weusi. Nenda mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi, wakati wavuvi wanatoka na mbingu bado ya buluu. Uko na dakika makumi mbili tu. Weka telefone juu ya jiwe ao ukuta, isishikwe na mukono, uiamuru ijipige yenyewe kisha sekunde tatu. Usiache tundu wazi muda mrefu sana, maana mutumbwi unachezacheza na taa inakuwa mustari.

Tena uliza wavuvi juu ya mwezi. Mwezi ukiwa mupevu, taa hazina nguvu ya kuvuta ndagala, na wavuvi wengi wanapumzika siku zile. Ukienda na aparei yako usiku ule, utapiga maji matupu.

5. Omba ruhusa

Hapa ndipo foto inaweza kukuletea rafiki ao matata. Usimupige mutu kama mwizi. Musalimu kwanza:

«Jambo mama, kazi iko namna gani?»
«Iko tu, mwanangu.»
«Mama, naomba nikupige foto ukianika ndagala. Nitakuletea moja.»
«Utaenda kuiuzisha wapi?»
«Hapana mama, nitaiweka ku kumbukumbu ya kanisa, na moja ni yako.»

Akikataa, sema asante na upite. Akikubali, umuletee kweli. Kijana mwenye kuleta foto mara moja, mara ya pili anaitwa yeye mwenyewe.

Kule machimboni ongea kwanza na PDG wa shimo na wachimbaji wenyewe. Usipige watoto wakifanya kazi ukawatembeza ku telefone za watu. Mama wenye kutwanga mawe wana heshima yao. Wangoje wajipanguse vumbi wakitaka. Ujue tena kwamba telefone inaweza kuandika ndani ya foto mahali kamili ilipopigwa. Ufunge kile kitu kabla ya kupiga mahali ao watu wenye kuhitaji usalama. Askari, barriere, mupaka wa Kavimvira na bandari ya Kalundu, usivipige bila ruhusa. Foto moja haifai kukupeleka kachoni.

Lakini foto yenye kupigwa kwa heshima iko na nguvu. Mwaka 1904, kule Baringa, katika mukoa wa zamani wa Ekwateri, baba mumoja jina lake Nsala alifika ku misioni akibeba mukono na muguu wa binti yake mudogo, mabaki ya mutoto aliyeuawa na watu wa kampuni ya mpira. Bibi wa misionari, Alice Seeley Harris, alimupiga foto akikaa ku baraza, kimya, akiviangalia. Foto ile na zingine zilionyeshwa ku mikutano ya Uingereza na Marekani. Watu wenye walikataa maneno hawakuweza kukataa macho yao. Mwaka 1908 mufalme Leopold aliondolewa Kongo mikononi. Foto ile haikufanya kazi peke yake, lakini ilifanya. Angalia pia vile ilivyopigwa: Alice hakumugeuza Nsala kuwa kitu cha kushangaza. Unaona baba mwenye huzuni, basi.

6. Kisha kupiga, kazi haijaisha

Foto mia mbili ndani ya telefone ni kama ndagala mu mutumbwi: usipozichambua usiku ule, zinaoza. Fuata njia hii.

Jioni ile ile, pita mara ya kwanza: ondoa zenye kutetemeka na zenye macho yamefungwa. Mara ya pili, ku kila jambo bakiza moja ao mbili. Mara ya tatu, chagua kumi tu za kuonyesha watu. Mwenye kuonyesha kumi nzuri anasifiwa. Mwenye kuonyesha mia mbili anachokesha wageni.

Halafu rekebisha kidogo: nyoosha, kata pembeni, inua giza kidogo. Ukimaliza, funga macho, fungua, uangalie tena. Kama kitu cha kwanza unachoona ni rangi na si mutu, umezidisha.

Panga kwa tarehe, ukianza na mwaka: 2025-08-16 Ndoa Kalundu. Hivi mashine itazipanga yenyewe, na kisha miaka kumi utaipata kwa dakika moja.

Kisha tunza. Wenye ujuzi wanasema nakala tatu: moja ku telefone ao ordinateri, moja ku flashi diski, moja mbali na nyumba yako. Ile ya tatu ndiyo wengi wanasahau. Kama unakaa pembeni ya maji, mupe ndugu mwenye kukaa juu; kama unakaa Uvira, mupe mwenye kukaa muji mwingine. Maji, moto na mwizi haviingii nyumba mbili siku moja. Na usitegemee WhatsApp kutunza, maana inapunguza foto. Ukituma foto ya maana, itume kama dokima, itafika nzima.

Mwisho, chapisha. Foto ya santimetre 10 kwa 15 inaomba karibu pikiseli 1200 kwa 1800, ni kusema milioni mbili na kidogo tu. Telefone nyingi ziko na zaidi. Kwa bei ya soda chache unapata foto za jamaa nzima. Andika nyuma kwa krayo laini: majina, mahali, tarehe. Foto bila majina, wajukuu wataiita «watu fulani».

7. Mukono wako mwenyewe

Vijana wengi wanatafuta stili. Wanaiga foto za mbali, wanatia rangi za mbali. Lakini stili inatoka mahali ulipo na kitu unachorudilia.

Seydou Keïta alifungua studio Bamako mwaka 1948. Hakuwa na pazia la bei. Alitundika tandiko lake la kitanda nyuma ya watu. Alipenda mwanga wa jua, na mara nyingi alipiga foto moja tu kwa kila mutu, kwa sababu filme ni mali. Kila miaka miwili mitatu alibadilisha pazia, na baadaye pazia lile lilimusaidia kujua foto ni ya mwaka gani. Leo foto zake ziko ku makumbusho makubwa ya dunia. Yeye alitafuta tu watu wa muji wake watokee wazuri.

Wa kwetu ni Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, aliyezaliwa 1978. Alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, akazitia juu ya foto zake mwenyewe za viwanda vyenye kuachwa. Baba wa zamani wanasimama tena mbele ya mashine zenye kutu. Kazi ile, Mémoire, ilijulikana mbali. Mwaka 2008, yeye na wenzake walianzisha Lubumbashi mikutano ya foto, waliiita Picha, kwa Kiswahili chetu. Lakini angalieni: kama hakuna mutu aliyetunza zile foto za wafanyakazi, Baloji angeshona nini? Mwenye kutunza foto leo anafanyia kazi mutoto mwenye hajazaliwa.

Basi chagua kitu kimoja. Mikono ya wamama wa ndagala. Milango ya kartie yako. Wazee na viti vyao. Urudilie kila wiki, mwanga ule ule ao mwanga tofauti. Kisha mwaka, watu watajua foto yako bila kusoma jina.

KAZI YA MWEZI HUU

Wiki ya 1: piga mutu mumoja asubuhi, saa sita na mangaribi, mahali pamoja. Linganisha.
Wiki ya 2: piga mutu mwenye ngozi nyeusi na shati nyeupe mpaka vyote viwili vionekane.
Wiki ya 3: chambua foto zote za telefone yako, tengeneza nakala tatu.
Wiki ya 4: pita ku nyumba yenu na ku nyumba ya jirani. Piga kila mukubwa peke yake, kifua mpaka kichwa, akiangalia ziwa, amevaa nguo anayoipenda. Baba mwenye kurudi machimboni awe wa kwanza. Chapisha, andika majina, mupe mama aweke.

Akiuliza sababu, mwambie watoto wanataka kumuona wakati hayuko. Hiyo ni kweli, na inatosha.